Kitabu chenye Makosa Yanayoonekana



Mwaka 406 kabla ya Kristo alifariki Euripides, mtunzi mkubwa wa tamthilia wa Athens. Miaka 7 baadaye, mwaka 399, mji huohuo ulimhukumu Socrates anywe sumu, na mwanafunzi wake Plato, kijana wa miaka 28, akaondoka. Alikwenda Megara, kisha Cyrene iliyoko karibu na pwani ya Libya, kisha Italia, na mwisho Misri kuwaona makuhani. Sasa kipo kitabu kimoja cha kale kinachosema kwamba huko Misri Plato alifuatana na Euripides. Tena kinaongeza kuwa Euripides aliugua hukohuko, makuhani wakamtibu kwa maji ya bahari, akapona. Basi hesabu mwenyewe, msikilizaji. Marehemu wa miaka 7 na zaidi amesafiri, ameugua, ametibiwa na amepona.

Kitabu hicho ni Maisha ya Wanafalsafa Mashuhuri, na mwandishi wake anaitwa Diogenes Laertius. Kiliandikwa kwa Kigiriki, yaelekea katika nusu ya kwanza ya karne ya 3 baada ya Kristo. Kina sehemu 10, na ndani yake wamo wanafalsafa zaidi ya 80, kuanzia Thales hadi Epicurus. Ukitaka kujua mwanafalsafa fulani wa Kigiriki alizaliwa wapi, alisoma kwa nani, aliandika vitabu gani na alikufaje, humu ndimo watu wamekuwa wakianzia kutafuta kwa karne nyingi. Katika karne ya 15 mtawa Ambrogio Traversari wa Florence alikitafsiri kwa Kilatini, na tangu hapo Ulaya haijakiweka chini. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Cambridge kilichapisha matini mpya ya Kigiriki iliyohaririwa na Tiziano Dorandi, na mwaka 2018 ikatoka Oxford tafsiri mpya ya Kiingereza ya Pamela Mensch. Kitabu chenye maiti anayesafiri bado kinahaririwa, kinatafsiriwa na kununuliwa.

Nataka tujiulize leo: kitabu cha marejeo chenye makosa ya namna hii tukihukumu vipi? Maana wapo wanaosema kitabu cha marejeo kikikosea mahali pamoja kimepoteza haki ya kuaminiwa pengine pote. Na wapo wanaokiheshimu kitabu kwa sababu tu ni cha zamani. Mimi naona pande zote mbili zinakwepa kazi.

Tuanze na mashtaka, na tuyasome yote bila kumwonea haya mzee huyu.

Shtaka la kwanza ni la vifo. Laertius anapenda vifo vya ajabu kuliko anavyopenda hoja. Empedocles, mwanafalsafa wa Sicily, anajitupa ndani ya volkano ya Etna ili watu wadhani amekuwa mungu, na volkano inakirusha nje kiatu chake cha shaba. Ukiendelea kusoma unaambiwa pia kwamba alianguka kutoka kwenye gari la kukokotwa akavunjika paja, au alijinyonga, au aliteleza baharini akazama. Diogenes Mkinyiki, wa kundi la wanafalsafa waliodharau mali, yule aliyeishi ndani ya mtungi mkubwa, amekufa kwa kula pweza mbichi. Au ameumwa na mbwa. Au amebana pumzi kwa hiari yake mpaka akakata roho. Chrysippus, kichwa kikubwa cha wafuasi wa shule ya falsafa ya Stoa, anamwona punda anakula tini zake, anasema mpeni na mvinyo ateremshie, kisha anacheka mpaka anakufa. Mtu mmoja, vifo viwili, vitatu, vinne, na mwandishi hasemi anaamini kipi.

Shtaka la pili ni ushairi. Laertius alitunga diwani ya mashairi, na mengi yake yanahusu vifo hivyohivyo vya wanafalsafa. Kila anapopata nafasi anajinukuu. Hujamaliza kusoma jinsi mzee wa watu alivyokufa, mara mwandishi anakukatiza: na mimi nimemtungia beti kadhaa. Wanaojua Kigiriki wanasema beti zenyewe hazina chumvi.

Shtaka la tatu ni zito zaidi. Humo ndani zimo barua. Thales anamwandikia Pherecydes. Solon anaandikiana na watawala wa zama zake. Dario, mfalme wa Uajemi, anamwalika Heraclitus kwenye kasri lake na Heraclitus anakataa. Barua hizo ni za kughushi. Zilitungwa na watu wa baadaye waliopenda kuvaa sauti za wakubwa, na Laertius amezibandika kitabuni kana kwamba amezitoa sandukuni kwa mwenyewe.

La nne: hana subira na fikra zenyewe. Anapofika kwenye hoja ngumu hunakili muhtasari wa mtu mwingine na kupita. Huwezi kumsoma yeye peke yake ukajua kwa nini Aristotle alitofautiana na mwalimu wake.

Kwa mashtaka hayo wataalamu wengi wamemdharau. Karne ya 19, pale vyuo vikuu vya Ujerumani vilipokuwa vikichambua kila hati ya kale, Laertius alitajwa kama mnakili asiye na akili yake mwenyewe. Kijana mmoja wa Leipzig alipata tuzo ya chuo mwaka 1867 kwa insha juu ya vyanzo vya kitabu hiki, na hoja yake ilikuwa kwamba sehemu kubwa imenakiliwa kutoka kwa mwandishi mmoja tu, Diocles wa Magnesia. Kijana huyo alikuwa Friedrich Nietzsche. Kazi hizo zilimsaidia kupata uprofesa Basel mwaka 1869, akiwa na miaka 24. Waliomfuata hawakuikubali hoja yake ya chanzo kimoja. Mambo yalionekana kuwa na michanganyiko zaidi. Lakini baadaye Nietzsche huyohuyo aliandika kwamba anapendelea kumsoma Laertius kuliko Eduard Zeller, profesa aliyekuwa ameandika historia kubwa na makini ya falsafa ya Kigiriki. Aliona kwa Laertius angalau wanafalsafa wenyewe wanapumua.

Waswahili husema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Waliomtukana Laertius asubuhi walirudi kwake jioni, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumwendea.

Chukua mfano wa Epicurus. Kwa hesabu ya kitabu hiki, Epicurus aliandika magombo yapatayo 300. Karibu yote yamepotea. Kilichobaki kikiwa kizima ni barua 3 za mafundisho na kauli fupi 40, na vyote vimo katika sehemu ya 10 ya Laertius. Barua moja inahusu maumbile na chembe zisizogawanyika. Ya pili inahusu mambo ya angani. Ya tatu, aliyomwandikia Menoeceus, inahusu namna ya kuishi vizuri bila kuogopa mauti wala miungu. Mwaka 1649 Pierre Gassendi, padri na mwanasayansi wa Ufaransa, alichapisha ufafanuzi mrefu wa sehemu hii ya 10, na kwa mlango huo nadharia ya atomu ikarudi kwenye meza za wasomi wa Ulaya. Mwaka 1841 Karl Marx alipata shahada ya udaktari kwa tasnifu iliyolinganisha Democritus na Epicurus, naye alikuwa na kurasa hizihizi mbele yake. Kama Laertius angekuwa mwandishi makini wa kisasa, angetufupishia barua zile kwa maneno yake mwenyewe katika aya mbili safi, na leo tungekuwa na aya mbili za Laertius badala ya Epicurus.

Mfano mwingine ni mantiki ya wafuasi wa Stoa. Katika sehemu ya 7 Laertius amenakili maelezo makavu ya kanuni zao za hoja. Ya kwanza huenda hivi: ikiwa la kwanza, basi la pili, la kwanza lipo, kwa hiyo la pili lipo. Zinafuata nyingine za aina hiyo. Karl Prantl, Mjerumani aliyeandika historia kubwa ya mantiki katika karne ya 19, aliyaona mambo haya ni upuuzi wa watu wasiokuwa na la kusema. Ikaja miaka ya 1930, na Jan Łukasiewicz wa Poland, mtaalamu wa mantiki ya kihisabati, akatambua kwamba waliokuwa wakidharauliwa walikuwa wamegundua tawi zima la mantiki ambalo Aristotle hakuligusa: mantiki ya sentensi nzima na viunganishi vyake. Prantl alikuwa mwerevu, akachuja, akakosea. Laertius hakuchuja, na kwa kuwa hakuchuja, Łukasiewicz alikuta kitu cha kusoma.

Kisha kuna Hipparchia wa Maroneia. Msichana wa familia yenye mali anampenda Crates, Mkinyiki asiye na kitu, anawatisha wazazi wake kwamba atajiua wasipomwoza. Wazazi wanamwomba Crates amkatishe tamaa. Crates anavua nguo zake, anasimama mbele ya msichana na kumwambia huyu ndiye bwana harusi na hiyo ndiyo mali yake, amua. Anaamua. Baadaye, kwenye karamu, mwanafalsafa mmoja anamkejeli kwa kuacha kazi ya kufuma nguo, naye anajibu kwamba hajuti kutumia katika elimu muda ambao angeupoteza kwenye mtambo wa kufumia. Ni mwanamke pekee aliyepewa sura yake katika kitabu kizima. Kuwa peke yake ni aibu kwa kitabu. Lakini sura ile isingekuwapo, tungejua machache mno juu yake.

Na kuna wasia. Laertius ametuwekea wasia wa Plato, wa Aristotle, wa Theophrastus na wengine, maneno kwa maneno. Katika wasia wake Aristotle anamtaka Antipater awe msimamizi mkuu. Anaagiza Herpyllis, mwanamke aliyeishi naye, atunzwe vizuri, na akitaka kuolewa aozwe kwa mtu anayestahili. Achague nyumba, ya Chalcis au ya Stagira. Anaagiza mifupa ya mkewe Pythias izikwe pamoja naye, kama marehemu mwenyewe alivyotaka. Na anaagiza kwamba watumwa waliomhudumia wasiuzwe, bali wakifika umri wapewe uhuru wakistahili. Huyu ni Aristotle yuleyule aliyeandika kwamba wapo watu ambao kwa maumbile yao ni watumwa. Karatasi ya mirathi inauliza maswali ambayo kitabu chake cha siasa hakikuyauliza.

Sasa, msikilizaji mwangalifu ataninyanyulia mkono. Ataniambia: umesema barua za Thales ni za kughushi, kisha unazisifu barua za Epicurus. Zote ziko katika kitabu kimoja, kwa mkono mmoja. Umejuaje?

Swali hilo ndilo kiini cha mazungumzo haya.

Wasikilizaji waliokaa darasani kwa masheikh wanaijua isnadi. Hadithi haiji peke yake. Inakuja na mlolongo wa wapokezi, fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani. Mwanachuoni hapimi maneno tu, anapima na walioyabeba: walikutana? Waliishi zama moja? Kumbukumbu zao zilikuwaje? Kisha anatoa daraja: hii sahihi, hii hasani, hii dhaifu. Na hadithi dhaifu haichomwi moto. Inaandikwa pamoja na mlolongo wake, ili anayekuja aone udhaifu uko kwenye kiungo kipi.

Laertius hakuwa na elimu hiyo, lakini alikuwa na tabia moja inayoifungulia mlango: anataja majina. Waandishi anaowataja kuwa chanzo chake wanapita 200, na wengi wao vitabu vyao vimepotea kabisa. Hili kasema Hermippus, hili kasema Favorinus, hili liko kwa Apollodorus katika kitabu chake cha tarehe. Asipokuwa na jina huandika "wanasema". Turudi kwa Plato na Misri: pale panapotajwa Euripides, Laertius hakusema yeye. Aliandika wanasema. Na kuhusu umri wa miaka 28 alimtaja Hermodorus, ambaye alikuwa mwanafunzi wa Plato mwenyewe. Katika aya moja una habari yenye jina la mtu wa karibu, na habari isiyo na mwenyewe. Msomaji aliye macho hahitaji profesa kumwonyesha ipi ashike na ipi aweke kando.

Mlolongo ukitajwa, unaweza kutafuta ushahidi wa njia nyingine. Mwaka 1884 wanaakiolojia wa Ufaransa walifika Oenoanda, magofu ya mji wa kale kusini-magharibi mwa Uturuki, wakakuta vipande vya ukuta mkubwa uliochongwa maandishi. Tajiri mmoja wa karne ya 2, naye akiitwa Diogenes, alikuwa ameamua kuwachongea wapita njia falsafa ya Epicurus kwenye mawe. Katika ukuta huo zimo baadhi ya kauli zilezile 40 ambazo Laertius alizinakili. Jiwe halikunakili kutoka kwa Laertius. Lilichongwa kabla yake. Kadhalika, wasia wa Aristotle umehifadhiwa pia kwa Kiarabu, katika kitabu cha Ibn al-Nadim wa Baghdad, karne ya 10, uliopita njia nyingine kabisa. Zipo tofauti hapa na pale, lakini Antipater yumo, Herpyllis yumo, mifupa ya Pythias imo, na watumwa wasiouzwa wamo. Njia mbili zisizojuana zimefika nyumba moja.

Na ukaguzi huohuo haupendelei. Katika barua 3 za Epicurus, ile ya mambo ya angani, kwa Pythocles, ilitiliwa shaka tangu zamani. Philodemus, mfuasi wa Epicurus ambaye magombo yake yaliungua yakahifadhika chini ya majivu ya Vesuvius, anataja shaka hiyo. Hivyo hata katika hazina tunapima kipande kwa kipande.

Kuna sehemu moja ambapo kukosa upimaji huu kumeleta ugomvi unaotuhusu sisi Waafrika moja kwa moja. Laertius anafungua kitabu chake kwa kuwapinga watu wanaosema falsafa ilianzia kwa wageni: kwa makuhani wa Uajemi, kwa Wababiloni, kwa wenye hekima wa India, kwa Wamisri. Anasema hapana, ilianza kwa Wagiriki. Tena haoni haya kuongeza kwamba hata jamii ya binadamu ilianza kwao. Majivuno hayo yaliwapendeza wengi Ulaya. Lakini geuza kurasa. Kitabu hichohicho kinasema Thales hakuwa na mwalimu ila alikwenda Misri akakaa na makuhani, na kwamba alipima urefu wa piramidi kwa kivuli chake. Pythagoras alikwenda Misri. Democritus alikwenda Misri. Plato alikwenda Misri. Mwaka 1954 George James, msomi mzaliwa wa Guyana aliyefundisha Marekani, alichapisha Stolen Legacy, kitabu kinachodai kwamba falsafa ya Kigiriki iliibiwa Misri, na Laertius ni miongoni mwa mashahidi anaowaita. Basi kitabu kimoja kimekuwa shahidi wa upande wa mashtaka na wa upande wa utetezi.

Wote wawili, anayeinua utangulizi na anayeinua safari, wamechukua maneno wakaacha mlolongo. Ya piramidi anatajwa Hieronymus, aliyeishi karne tatu hivi baada ya Thales. Kwamba Thales alijifunza jiometri kwa Wamisri anatajwa Pamphile, mwanamke mwanahistoria wa zama za mfalme Nero, zaidi ya miaka 600 baada ya Thales. Ni mlolongo mrefu wenye mapengo. Lakini kwamba Wagiriki walijifunza upimaji wa ardhi kwa Wamisri, hilo Herodotus alikuwa ameliandika karne ya 5 kabla ya Kristo, na hakumhitaji Laertius. Daraja zinatofautiana: deni la jumla kwa Misri lina ushahidi mzuri, safari ya mtu mmoja mmoja na masomo aliyosoma huko ni habari dhaifu. Anayetaka kuitetea Misri atasimama imara zaidi kwa Herodotus kuliko kwa hadithi ya Euripides na maji ya bahari.

Mpaka hapa nimekuwa wakili wa mzee. Sasa nimgeuke, kwa sababu kuna kosa lake moja ambalo siwezi kulisamehe kirahisi, na si lile la pweza wala la punda.

Laertius alikipanga kitabu chake kwa urithi wa walimu. Falsafa yote, anasema, ina matawi mawili: la Ionia na la Italia. Katika kila tawi fulani alimfundisha fulani, naye akamfundisha fulani, mpaka mwisho wa ukoo. Mpango huo si wake. Aliurithi kwa waandishi waliomtangulia, ambao walipenda kila mtu awe na mwalimu. Pale mwalimu alipokosekana, alipatikana. Anaximenes lazima awe mwanafunzi wa Anaximander, Zeno wa Stoa lazima aungwe na Socrates kupitia Crates. Baadhi ya viungo ni vya kweli, vingine vilitiwa ili mnyororo usikatike. Na aliyeshindikana kuingizwa, mathalani Heraclitus, anatupwa pembeni pamoja na wengine wasio na ukoo.

Tazama tofauti. Kifo cha Chrysippus kwa kicheko kinakupigia kelele chenyewe: nishuku mimi. Mpangilio wa kitabu haupigi kelele. Unausoma tu, unaupokea, unadhani ndivyo fikra zinavyokwenda: baba kwa mwana, mwalimu kwa mwanafunzi, Mgiriki kwa Mgiriki. Thomas Stanley, Mwingereza aliyeandika historia kubwa ya falsafa katika karne ya 17, aliufuata mpango huu, na mitaala mingi ya falsafa duniani bado inatembea kwa hatua zilezile, kuanzia Thales, bila kukumbuka nani aliyeweka mstari wa kuanzia. Hapa Laertius hakutaja jina wala hakusema "wanasema". Kosa limeingia kwenye mifupa ya kitabu, na kosa la mifupa haliondolewi kwa tanbihi.

Hapo ndipo ninapoweka mizani yangu. Makosa ya kitabu cha marejeo hayana uzito sawa. Lipo linaloonekana, kwa kuwa mwandishi ameacha jina la aliyempa habari, au ameweka habari mbili zinazopingana uzione mwenyewe. Na lipo lililojificha katika uchaguzi wa nani aingie, nani aachwe, na nani atangulie. Kitabu chenye makosa 100 ya aina ya kwanza kinaweza kuwa mwalimu mzuri kuliko kitabu laini chenye kosa moja la aina ya pili.

Mlinganishe na Bertrand Russell. Historia yake ya falsafa ya Magharibi ilitoka mwaka 1945, na kwa uzuri wa uandishi haina mpinzani; miaka 5 baadaye Russell alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Lakini aliiandika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na unapofika sura ya Nietzsche ni vigumu kwa msomaji mgeni kujua maelezo yanaishia wapi na hasira ya Russell inaanzia wapi. Sauti ni moja, inateleza kama mafuta. Laertius ana sauti 200 zinazogombana, na ugomvi huo unakuweka macho.

Tena tunao mfano wa karibu. Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipochapisha Sage Philosophy mwaka 1990, aliweka ndani ya kitabu mahojiano na wazee wenye hekima, kwa majina yao, swali na jibu. Kuna waliompinga kwamba muulizaji aliyesoma chuo huongoza majibu ya mzee. Hoja hiyo ina uzito. Lakini wameweza kumpinga kwa sababu maswali yake yamo kitabuni, yanasomeka. Angetuandikia muhtasari mtamu wa hekima ya Waluo au ya Wakikuyu bila jina la mtu, tungepiga makofi na tusingekuwa na pa kushika.

Kwa mwalimu au mwanafunzi atakayekutana na kitabu kama hiki maktabani, ushauri wangu ni mfupi. Usianze kwa kuuliza kama kinaaminika. Chukua habari moja na uulize imetoka kwa nani, na huyo aliishi lini. Tafuta kama kuna njia nyingine isiyopita kitabuni humo. Kisha fungua ukurasa wa yaliyomo, na hapo kaa muda mrefu kuliko penginepo: nani yumo, nani hayumo, na kwa nini huyu kawekwa kabla ya yule. Wengi wanaosoma kitabu cha marejeo huruka ukurasa huo, na ndio ukurasa ambao mwandishi amehukumu zaidi na kujieleza kidogo zaidi.

Na kwa Laertius mwenyewe, hukumu yangu ni hii. Kama mwanafalsafa, hafai. Kama mshairi, tumwache apumzike. Kama mpanga historia, ametuachia deni ambalo bado tunalilipa. Lakini kama mtunza ushahidi, amefanya kazi ambayo werevu zaidi yake hawakuifanya: amenakili asichokielewa, amewataja waliomwambia, na hakufuta habari iliyompinga. Abaki kwenye rafu ya vitabu vya marejeo, ngazi inayofikiwa kwa mkono, na kila anayemtoa ashike penseli.